Neno "Kufikirika" katika Uhakiki wa Fasihi: Maana na Matumizi Yake, kwa Mifano ya Bangale na Bonde la Mto Tana

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni machache maneno yatumiwayo kwa wepesi na kuchunguzwa kwa nadra kama neno "kufikirika". Zimwi huitwa kiumbe cha kufikirika. Nchi isiyopatikana katika ramani huitwa nchi ya kufikirika. Shujaa ambaye wanahistoria hawajakubaliana juu ya karne aliyoishi huitwa, kwa haraka ile ile, shujaa wa kufikirika. Msomaji huachwa aelewe kwamba vitu hivyo havipo, wala havikupata kuwapo, na kwamba mhakiki akisha kusema hivyo amemaliza kazi yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, kwa umbo lake na kwa matumizi yake yaliyo bora, halisemi habari ya kuwapo au kutokuwapo kwa kitu. Linasema habari ya njia inayomfikisha mtu kwenye kitu hicho, nayo ni njia ya fikira. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini mhakiki asiyeitambua huweka katika fungu moja mambo ambayo wasemaji wenyewe wa Kiswahili, na wa lugha zilizo jirani nacho, hawakupata kuyachanganya.

Mahali pa kuyapimia madai hayo ni Bangale na nchi inayoizunguka, katika kaunti ya Tana River nchini Kenya. Sababu ya kupachagua ni mbili. Kwanza, Bangale iko njia panda ya lugha. Barabara itokayo Thika na Mwingi kwenda Garissa hupita hapo. Magharibi yake iko nchi ya Wakamba, ng'ambo ya mto iko nchi ya Wasomali, na katika kaunti yenyewe wanaishi Waorma, Wamunyoyaya, Waata wawindaji, Wailwana na Wapokomo. Kiswahili ndicho kiungo cha wengi wao sokoni, shuleni na ofisini. Pili, bonde hilo la Tana, kutoka nyika za Bangale mpaka Garsen na mdomo wa mto huko Kipini, lina mifano mingi ya vitu ambavyo wahakiki wameviita vya kufikirika bila ya kuuliza vimefikirika kwa namna gani.

2. Umbo la Neno

Kitenzi "fikiri" kimetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutia jambo akilini na kulizungusha. Kiswahili kimekipa kitenzi hicho kiambishi "-ik-", ambacho kina kazi mbili zinazojulikana. Kazi ya kwanza ni kueleza hali iliyokwisha kutokea: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Kazi ya pili ni kueleza uwezekano: chakula hiki chalika, barua hii yasomeka, njia hii yapitika. "Fikirika" imo katika kundi hili la pili. Jambo linalofikirika ni jambo ambalo akili yaweza kulifikia. Neno halikuongeza kusema kwamba mkono hauwezi kulifikia pia.

Kipo kipimo chepesi cha kuthibitisha haya, nacho ni kukanusha. Kama "kinachofikirika" kingekuwa na maana ya kitu kisichokuwapo, basi "kisichofikirika" kingekuwa na maana ya kitu kilichopo, kama jiwe au meza. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayeelewa hivyo. Jambo lisilofikirika ni jambo linaloishinda akili: ukatili uliopita mpaka, au ajabu isiyo na mfano. Tena mara nyingi jambo lisilofikirika ni jambo lililotokea kweli, na ndiyo maana watu wakalistaajabia. Basi kinyume cha kufikirika si kuwapo. Kinyume chake ni kuishinda akili.

Ni vizuri pia kulilinganisha neno hili na jamaa zake. "Jambo la kufikiriwa" ni jambo linalostahili kuzingatiwa; hapo kiambishi cha kutendwa kinamdai mtu wa kulifikiri. "Jambo la kubuniwa" lina mbunifu wake, ajulikane asijulikane. "Njozi" ina mwenyewe aliyeiota, na mwingine hawezi kuiona mpaka asimuliwe. "Dhahania" imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya akili, na kwa asili inataja kitu ambacho makao yake ni akilini tu. Neno hili la mwisho limepata bahati mbaya. Tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi imelifananisha na "dhana" na "dhani", ambayo yametoka katika mzizi mwingine kabisa, wenye maana ya kukisia. Katika herufi za Kiarabu tofauti hiyo huonekana mara moja, kwa kuwa herufi za mwanzo ni mbalimbali. Katika herufi za Kirumi zote mbili zimekuwa "dh". Kwa hiyo dhahania imevutwa upande wa makisio, na wengi sasa huitumia kwa maana ya jambo lisilo na hakika.

3. Masomo Matatu na Maneno Mawili

Mtoto asomaye shule mahali kama Bangale hukutana na maneno haya katika masomo matatu. Katika jiografia hufundishwa kwamba ikweta ni mstari wa kufikirika uizungukao dunia katikati. Katika sarufi hufundishwa kwamba upendo, ushujaa na umaskini ni nomino za dhahania. Katika fasihi hufundishwa kwamba zimwi ni kiumbe cha kufikirika, au, kwa mwalimu mwingine, kiumbe cha kidhahania.

Ikweta inapita kaskazini ya Bangale, wala si mbali. Hakuna aliyepata kujikwaa juu yake. Hata hivyo hakuna mwalimu wa jiografia anayesema kwamba ikweta ni uongo. Mahali pake pamepimwa, marubani na manahodha huitegemea, na mtu aliyesimama Bangale yuko kusini yake, apende asipende. Basi hapa "kufikirika" kumetumiwa kwa maana yake iliyo sawa: mstari huu hufikiwa kwa akili na kwa hesabu, haufikiwi kwa macho. Vivyo hivyo umaskini ni nomino ya dhahania, lakini mfugaji aliyepotewa na ng'ombe wake wakati wa ukame hahitaji kuambiwa kama umaskini upo.

Ni katika somo la fasihi peke yake ambamo maneno hayo mawili hugeuzwa yakawa hukumu ya kutokuwapo. Mwanafunzi aliyeelewa vizuri jiografia yake na sarufi yake atafika kwenye zimwi akiwa na maneno mazuri, kisha ayaone yakivunjwa.

Katika nchi hiyo hiyo uko mfano mwingine ulio karibu zaidi na maisha ya watu. Kati ya Tana River na Garissa pana ubishi wa miaka mingi juu ya mpaka: wengine hushika kwamba mpaka ni mto wenyewe, na wengine kwamba ni mstari ulio maili tatu mashariki ya mto. Mstari huo ni wa kufikirika kwa maana ile ile ya ikweta. Haukuchorwa mchangani. Lakini juu yake hutegemea malisho, kodi, kura na mashamba. Mtu atakayewaambia watu wa kando ya mto kwamba jambo hilo ni la kufikirika, akikusudia kusema kwamba si kitu, atakuwa hakuelewa neno wala nchi.

4. Kionekanacho na Kisichokuwapo

Iwapo mhakiki anahitaji mfano wa kitu kisichokuwapo, nyika inao, tena lugha imekwisha kuupa jina. Katika jua la mchana juu ya tambarare kavu, au juu ya lami ya barabara ndefu, msafiri huona maji yakimeta mbele yake, na kila anavyokaribia maji nayo husogea. Kiswahili huyaita hayo mazigazi, au mangazimbwe.

Mazigazi yanafundisha jambo kubwa. Yanaonekana kwa macho, tena na watu wote waliosimama mahali pamoja. Basi si njozi, maana njozi ni ya mtu mmoja. Hayakubuniwa na mtu. Basi si ya kubuni. Sababu yake ni mwanga kupinda unapopita katika hewa yenye joto mbalimbali. Basi kuonekana kwake ni jambo la kweli kabisa. Kisichokuwapo ni maji tu. Na la muhimu kuliko yote, mazigazi si ya kufikirika hata kidogo: yamefika machoni kabla fikira haijafanya kazi yoyote, na ni fikira inayokuja baadaye kumwambia msafiri kwamba pale hapana maji.

Hivyo basi mahali hapa mambo yamepinduka. Kionekanacho hakipo, na akili ndiyo inayotambua ukweli. Ikweta haionekani lakini ipo kwa hesabu. Maji ya mazigazi yanaonekana na hayapo. Mhakiki anayelinganisha "kufikirika" na "kutokuwapo" hana namna ya kueleza mifano hii miwili kwa pamoja. Anayelishika neno kwa maana yake hana taabu.

5. Zimwi na Jamaa Zake

Zimwi ndilo kiumbe linalotajwa mara nyingi zaidi wahakiki wanapotaka mfano wa kitu cha kufikirika. Yafaa kuanza na neno lenyewe. Zimwi, mzimu, kuzimu na wazimu ni maneno ya ukoo mmoja, na ukoo huo umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Wakamba, majirani wa Bangale upande wa magharibi, wanayo maneno ya asili hiyo hiyo: aimu ni roho za waliokufa, na eimu ni jitu la hadithi linalokula watu. Mkusanyo wa John Mbiti wa hadithi za Wakamba, uliotolewa mwaka 1966, unaonyesha jinsi majitu hayo yalivyo na nafasi kubwa katika masimulizi yao.

Lugha, basi, imechukua mzizi mmoja na kuugawa kwa kazi zake. Mzimu hutambikiwa na wanaouamini. Kuzimu ni mahali. Wazimu humshika mtu na jamaa zake wakahangaika kumtafutia tiba. Zimwi husimuliwa. Msemaji wa kawaida hachanganyi mambo haya. Hatambikii zimwi, wala hasimulii wazimu wa jirani yake jioni ili watoto wacheke. Migao hiyo minne ni uhakiki uliokwisha kufanywa na lugha kabla ya mhakiki kuzaliwa. Na neno moja, "kufikirika", likitupwa juu ya yote, linaufuta.

Tena zimwi lina sharti lake. Hadithi haianzi mpaka msimulizi ameita na wasikilizaji wameitika. Katika mwito mmoja unaojulikana sana nchini Kenya, wasikilizaji wenyewe huikaribisha hadithi, huukaribisha uongo, kisha huuomba utamu ukolee. Neno "uongo" hapo si aibu wala si shtaka. Uongo wa shahidi barazani ni wa siri, na ukijulikana umeharibika. Uongo wa hadithi hutangazwa mlangoni, na wote waliomo wameukubali. Hakuna aliyedanganywa. Basi kuja baada ya hayo na kutangaza kwamba zimwi halipo ni kuwaambia wasikilizaji jambo waliloliweka wazi wao wenyewe kabla ya sentensi ya kwanza.

Swali la mhakiki linapaswa kuwa jingine: zimwi linafanya kazi gani? Methali isemayo "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" husemwa juu ya jamaa mkali, tajiri mbanifu, au adui wa siku nyingi. Anayeisema haulizwi kama anaamini mazimwi. Kiumbe ambacho hakuna aliyekiona kimekuwa kipimo cha watu wanaoonekana kila siku. Ni vivyo hivyo kwa Dhegdheer, yule mwanamke mla watu wa hadithi za Kisomali, ambaye jina lake linataja sikio lake refu. Sikio hilo linasikia kutoka mbali. Katika nchi ambamo watoto huchunga mifugo mbali na nyumbani na maji hayapatikani karibu, masimulizi ya kiumbe anayesikia nyayo za mtoto yana somo lake: mtoto ajue kwamba jangwa nalo lina masikio. Hofu hiyo imebuniwa kwa hekima, juu ya hatari ambayo haikubuniwa na mtu.

6. Liyongo Kisimani

Mto Tana ukishuka kutoka nyika kupita Hola na Garsen huingia baharini karibu na Kipini. Nchi hiyo ya mdomo wa mto, pamoja na Ozi na Shaka, ndiyo nchi ya Fumo Liyongo. Habari zake zilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi unaojulikana sana. Tungo zinazonasibishwa naye zilichapishwa pamoja na maelezo ya wataalamu mwaka 2004.

Wahakiki wamegawanyika juu ya Liyongo. Wako wamwitao mtu wa historia, nao hutafuta karne yake. Wako wamwitao shujaa wa kufikirika, nao hutaja urefu wake usio wa kawaida na mwili wake usioingia silaha ila sindano ya shaba kitovuni. Pande zote mbili zimekubaliana kimyakimya kwamba "kufikirika" ni kinyume cha "kuwapo", na ndiyo maana ubishi wao haufiki mwisho. Mtu aweza kuwa aliishi, akala na kulala na kufa, na bado akawa wa kufikirika kwa sababu wale wanaomjua leo hawana njia nyingine ya kumfikia. Na sehemu moja ya habari zake yaweza kuwa imebuniwa bila ya nyingine kubuniwa. Mkate wa wishwa uliofichwa tupa, ambao mama yake alimpelekea gerezani, ni hila ambayo mtu yeyote aweza kuifanya. Shaba ya kitovuni ni jambo la namna nyingine. Neno moja halitoshi kwa yote mawili.

Sehemu iliyo na nguvu kuliko zote ni kifo chake. Liyongo, akisha kuchomwa na kijana wa damu yake mwenyewe, alishika uta wake akaenda akapiga goti karibu na kisima, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona, wakadhani yu hai amekasirika, na hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji. Siku zikapita mji ukiwa na kiu. Mama yake aliletwa amtulize, naye asijibiwe. Mpaka mwili ulipoanguka ndipo ilipojulikana kwamba waliyemwogopa alikuwa maiti.

Katika sehemu hii ni kipi cha kufikirika? Mwili ulikuwapo, kisima kilikuwapo, kiu ilikuwapo. Kilichofikirika peke yake ni uhai wa Liyongo, nao ndio uliozuia maji. Wasimulizi wa hadithi hii walijua vizuri kwamba kitu kilichomo katika fikira chaweza kuwa na nguvu juu ya mji mzima. Hadithi imewekwa kisimani, na katika nchi ambamo maji ndiyo maisha hapakuwa na mahali pa kuonyesha nguvu hiyo kwa ukali zaidi. Mhakiki anayeishia kusema kwamba Liyongo ni wa kufikirika amepita karibu na kisima bila ya kutazama ndani.

7. Kusadikika, Kufikirika na Riwaya za Baadaye

Mwandishi aliyelitambua neno hili kuliko wote ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Alivipa vitabu vyake viwili majina yaliyoundwa kwa kiambishi kile kile: Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, na Kufikirika, kilichotoka mwaka 1967 baada ya kifo chake. Wasomaji wengi huyachukua majina hayo kama kwamba ni jina moja, yaani nchi isiyokuwapo. Lakini mwandishi alikuwa na maneno mawili, na alikuwa mtu wa kupima maneno.

"Kusadikika" imetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukweli, ambao ndio uliotupa pia sadaka. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na mipaka yake ni upepo. Kwa kawaida nchi ya namna hiyo ingeitwa isiyosadikika. Mwandishi ameipa jina lililo kinyume cha hali yake, kwa makusudi. Na sababu yapatikana katika umbo la kitabu: kitabu kizima ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha watu habari za sheria, na anajitetea kwa kuwasimulia wasikilizaji habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao, wakarudi wakalipwa mateso. Katika baraza la hukumu, kusadikika ni jambo la uhai na mauti. Shahidi asiyesadikika amepotea. Hivyo jina la nchi ni swali analoulizwa msomaji, aliyewekwa mahali pa hakimu: je, ushahidi huu unasadikika? Msomaji wa Tanganyika mwaka 1951, aliyetawaliwa na wageni na asiyekuwa na sauti katika sheria zilizomhukumu, alikuwa na sababu za kuusadiki. Atakayelifasiri jina kwa "isiyokuwapo" atakuwa amemnyima Karama utetezi wake.

"Kufikirika" nayo ina kazi yake. Ni habari za ufalme wenye nguvu na utajiri ambao mfalme wake hana mrithi, na za shida ya kupata mtoto na kumlea. Hapa hakuna shahidi wa kusadikiwa; lipo tatizo la kufikiriwa, juu ya elimu, malezi na haki ya mtu mnyonge mbele ya dola. Kitabu cha kwanza kinaomba kuaminiwa, cha pili kinaomba kuzingatiwa. Tofauti hiyo imeandikwa juu ya jalada, na wahakiki wengi wameipita.

Riwaya zilizofuata zimeongeza haja ya kuwa na maneno sahihi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, na Mzingile, iliyotoka mwaka 1991, zimeitwa riwaya za dhahania, Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, ya mwaka 2002, imepewa jina hilo hilo. Yawezekana jina linafaa kwa sehemu, kwa maana vitabu hivyo vinashughulika na maana, wakati na ukweli, ambavyo makao yake ni akilini. Lakini mandhari yake ni ya kubuni, na safari zake mara nyingi zina mwendo wa njozi. Mhakiki akizitenga hali hizo tatu ataweza kusema mahali mwandishi anapotoka katika moja na kuingia katika nyingine, na hapo ndipo ufundi ulipo. Akizichanganya atabaki kusema kwamba kitabu ni kigumu.

8. Kisichoonekana na Kilichopo

Upo mfano mmoja wa bonde la Tana unaoonyesha hatari ya neno kutumiwa vibaya. Wapokomo walikuwa na ngoma tukufu iitwayo ngadji. Ilifichwa, na walioruhusiwa kuiona walikuwa wazee wachache wa daraja la juu. Wengine wote waliijua kwa sauti yake tu. Kwa kipimo cha wahakiki wanaozungumziwa hapa, kitu kinachosikika bila ya kuonekana, kinachoogopwa na kusimuliwa, chenye uwezo juu ya watu wasiopata kukitazama, kina sifa zote za kuandikwa katika orodha ya vitu vya kufikirika.

Lakini ngadji ni mti na ngozi. Mwaka 1902 maofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza waliichukua, na tangu mwaka 1908 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, ghalani. Wapokomo wameidai irudishwe. Kwa zaidi ya miaka mia watu wa mto wamekuwa na ngoma ya fikira na masimulizi, na watu wa London wamekuwa na ngoma yenyewe, nayo haipigwi. Ni vigumu kusema ni upande upi uliobaki na kilicho cha kweli zaidi, lakini si vigumu kusema ni upande upi ulionyang'anywa. Na dai la kurudishiwa kitu hutegemea kwanza kukubaliwa kwamba kitu hicho ni kitu. Masimulizi ya ngadji yakishawekwa katika fungu la "mambo ya kufikirika" kwa maana ya kutokuwapo, neno la mhakiki linaweza kumfaa mwenye ghala.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba jambo hili halikomei katika sarufi. Sehemu kubwa ya fasihi ya Bangale na ya bonde zima, kwa Kiorma, Kimunyoyaya, Kiilwana, Kipokomo na Kisomali, ni ya mdomo. Haina muswada wa kuonyesha wala tarehe ya kutajwa. Utenzi ulioandikwa Lamu hupewa heshima ya kuulizwa kama ni historia. Simulizi la nyika hupachikwa jina la kufikirika na kuachwa. Ubaguzi huo haukutokana na uchunguzi wa masimulizi yenyewe, bali na uzembe wa neno.

9. Hitimisho

Yaweza kujibiwa kwamba maana ya neno ni matumizi yake, na kwamba kama watu wamekwisha kuizoea "kufikirika" kwa maana ya kitu kisichokuwapo, basi ndiyo maana yake. Jibu hilo lina nguvu, lakini matumizi hayo hayajashinda. Jiografia bado inalitumia neno kwa maana yake ya awali, na "kisichofikirika" bado kinakataa kugeuka kuwa "kilichopo". Lugha bado inaitetea tofauti, na kazi ya mhakiki ni kuwa upande wa lugha.

Kwa muhtasari, yafaa maneno yatengwe hivi. Kitu kinachofikiwa kwa akili, kiwe kipo au hakipo, na kiitwe cha kufikirika, kama ikweta, mpaka, na Liyongo kwa wasomaji wa leo. Kitu kilichotungwa na mtu au watu, tena wasikilizaji wakijua, na kiitwe cha kubuni, kama zimwi na nchi za riwaya. Kinachodai kuaminiwa kiitwe cha kusadikika. Sifa na hali zisizo na umbile ziitwe dhahania, na sarufi iachiwe neno lake. Kionekanacho bila ya kuwapo kina jina lake, mazigazi. Na kilichoonwa na mtu mmoja usingizini ni njozi. Mhakiki akikusudia kusema kwamba kitu hakipo, Kiswahili hakimkatazi: aseme hakipo, kisha atoe ushahidi wake kama wanavyotakiwa kufanya watu wote.

Watu wa mji ule waliokaa na kiu karibu na kisima hawakupungukiwa na macho, kwa maana walimwona Liyongo vizuri. Walipungukiwa na mtu mmoja wa kusogea karibu na kutenga alichokiona na alichokifikiri. Kazi hiyo katika fasihi ni ya mhakiki, na maneno ya kuifanyia yamekwisha kuwekwa tayari katika lugha.